Daftari la Baada ya Matanga

Msiba wa pwani una ratiba yake, na ratiba hiyo ina huruma nyingi. Siku ya kwanza ni maiti, sanda na kaburi. Kisha watu wanalala uani, masufuria hayashuki mekoni, wanawake wanapokezana kukaa na mfiwa, wanaume wako barazani, khitma inasomwa. Matanga yakishaondolewa, mikeka inakunjwa na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hakuna wa kulaumiwa. Shamba linadai, watoto wanadai, na bamvua haimsubiri mtu. Ila kwa mfiwa ndiyo kwanza pamekucha.

Makala haya ni ya mtu huyo, awe Ras Kisimani, Kilindoni au mbali zaidi, ambaye amesikia kwamba kuandika, kuchora au kufanya kazi ya mkono kunasaidia msibani, na anataka kujua aanzie wapi. Ushauri wangu unazunguka jambo moja: usiandike ili upone. Andika ili mtu fulani, unayemjua kwa jina au kwa nafasi yake katika ukoo, aje apokee ulichoandika. Nitaeleza kwa nini.

Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, upande unaotazamana na delta ya Rufiji. Hapo palikuwa na mji wa Waislamu wa zama za masultani wa Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba, na ripoti yake ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya mji imekwenda na maji. Kilichobaki ni misingi ya msikiti na vigae ufukweni. Lakini mji huo una kitu kingine kilichobaki, nacho ni hadithi, na kwa mfiwa hadithi hiyo ina funzo kuliko vigae.

Inasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua, mji uliokuwa kisiwani Juani, waje kwenye sherehe ya kukishusha majini. Wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakafungwa na kulazwa mchangani mahali pa magogo, na chombo kikapitishwa juu yao. Kua hawakujibu siku ile. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakaanza kutoka mmoja mmoja, kimyakimya, akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni kwa maneno. Alizungumza vizuri kiasi kwamba hawakusikia mlango ukizibwa. Naye akafia mle mle pamoja nao.

Iwe ilitokea au haikutokea, tazama kilichofika kwetu. Tunajua chombo, tunajua karamu, tunajua mlango na yule mzee. Wale watoto hatujui hata mmoja wao aliitwa nani. Hatujui nani alikuwa mtundu, nani alikuwa bado hajaanza chuo, nani alipenda kufuatana na nani. Uchungu uligeuka kesi, na kesi ikawameza wale waliokuwa wakililiwa.

Hili ndilo linalotokea katika madaftari mengi ya msiba. Mtu anaketi kuandika habari za mwanawe, na ukurasa wa pili tu ameshafika kwa mwenye mashua aliyekataa kugeuza, kwa muuguzi aliyechelewa, kwa shemeji aliyekuja na jicho la husuda. Lawama ni haki ya mfiwa, na nyingine ni za kweli na zinastahili kupelekwa panapohusika. Basi zipe kurasa zake. Geuza daftari, anzia nyuma, andika huko kila unachodai: tarehe, nani alisema nini, nani shahidi. Mbele pabaki pa marehemu. Ukiona nyuma panajaa na mbele hapasogei, ujue umeanza kumpoteza mara ya pili.

Juu ya daftari lenyewe, nunua la shule au kaunta buku ngumu. Binafsi siyapendi madaftari yale yenye maua na kufuli ndogo, maana yanamtia mtu haya: anaona lazima aandike vizuri. Daftari la shule halimtishi mtu.

Nalo lisianze siku ya pili. Siku za mwanzo ni za watu, na mfiwa anapaswa kuwaachia. Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi, na wapo wanaoona muda huo unafaa kwa sababu nyumba imetulia. Wengine ndio muda ambao kichwa hakishiki kitu. Kipimo changu ni kwamba anza pale watu wanapoacha kukuuliza. Wakati watu bado wanauliza, jibu kwa mdomo. Wakinyamaza, shika kalamu.

Ukurasa wa kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa desturi yetu imeshakuandalia. Mazishini mtu husimama na kusema anayemdai marehemu aje kwa familia. Kwa hiyo karibu kila nyumba ya msiba ina karatasi moja iliyoandikwa tayari, ya madeni. Anza na hiyo. Inakili, kisha chini ya kila deni andika deni hilo lilitoka wapi. Kama marehemu alidaiwa kamba na nyuzi za nyavu dukani, andika nyavu zile zilikuwa za juya au za jarife, alizishona lini, alikaa upande gani wa mnazi akizishona, na nani alimshikia ncha. Deni la unga lina siku yake, lina mgeni aliyefika bila taarifa. Ukimaliza karatasi hiyo una kurasa kadhaa za maisha ya mtu, na hujaandika neno "huzuni" hata mara moja.

Maana kosa linalorudiwa zaidi ni hili la sifa. Tumezoea kusema marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, mcheshi, mcha Mungu. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanamfaa marehemu yeyote. Linganisha na hili, ambalo nimelitunga kama mfano: "Baba alikuwa hali samaki wa kukaanga. Akisema mafuta yanamficha samaki. Changu alimtaka wa kuchomwa, matumbo akimpa yule paka mweupe, kisha anamkaripia paka kwa kuingia jikoni." Mjukuu akisoma maneno hayo miaka ishirini baadaye anajua babu yake alikuwa mtu gani, na huenda naye akamkaripia paka. Andika alivyoamka, alivyoita watu, dawa aliyoiamini, wimbo aliouharibu kila alipouimba, safari aliyokuwa akiisimulia tofauti kila mara. Usiogope kuandika ubahili wake na hasira zake. Heshima ya maiti haikatazi kusema kwamba alichukia kukopesha mundu.

Sasa nirudi kwenye suala la msomaji, maana hapa ndipo fasihi yetu wenyewe inapotoa ushahidi. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Miaka miwili hivi baadaye, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hana muda mrefu, alitunga utenzi wake mashuhuri kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Hakukaa akauandikia ulimwengu habari za uchungu wake. Alimwandikia msichana mmoja ili amtayarishe kwa maisha ambayo yeye hangekuwapo. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi la kumlilia, na ndani ya kitabu chake Maisha Yangu zimo pia tenzi mbili alizowaandikia watoto wake, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Hata Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoutazama uharibifu wa majumba ya Pate katika Al-Inkishafi, hakuzungumza hewani. Alimpata wa kuzungumza naye, akauambia moyo wake mwenyewe.

Karibu zaidi na wakati wetu, miaka ya 1990 nchini Uganda, wanawake wenye virusi vya UKIMWI katika shirika la NACWOLA, ambalo Beatrice Were alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika ukoo, kijiji walikotoka, jinsi mtoto alivyozaliwa, magonjwa aliyougua, ndugu wa kumkimbilia. Nyakati zile dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia wengi, na kila ukurasa ulikuwa na kazi ya kufanya siku mama hayupo. Nadhani ndiyo sababu vitabu vile viliandikwa hata na wanawake waliokuwa hawajazoea kalamu.

Wataalamu nao wana la kusema, na si lote linalopendeza. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, nchini Marekani, waliwataka wanafunzi wa chuo waandike habari za mambo yaliyowaumiza, robo saa kwa siku, siku nne mfululizo. Waliochanganya tukio na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tangu hapo dunia imejaa vitabu vinavyoahidi kwamba kalamu inatibu. Lakini mwaka 2002 Margaret Stroebe na wenzake, huko Uholanzi, walichapisha uchunguzi juu ya watu waliofiwa hasa, na hawakukuta kwamba kumimina hisia kwenye karatasi kunaharakisha nafuu. Waliofiwa walipata nafuu kwa kadiri ya muda, wakiandika au wasiandike.

Wengine huyasoma matokeo hayo kama habari mbaya. Mimi naona yanampunguzia mfiwa mzigo. Hudaiwi kulia kwenye karatasi. Ukiandika kurasa thelathini na bado moyo ni mzito, hujakosea chochote. Utakuwa na kurasa thelathini, na yupo atakayezisoma.

Kutoka kwa Stroebe huyo huyo, pamoja na Henk Schut, kuna wazo la mwaka 1999 ambalo bibi zetu wangelikubali bila mjadala: mfiwa mzima ni yule anayekwenda na kurudi, leo anashinda na msiba, kesho anashinda na kuezeka. Kwa hiyo wekea uandishi mpaka. Robo saa, isizidi nusu saa, kisha funga daftari na uende ukafanye kitu kinachochosha mikono. Usiandike usiku wa manane ukiwa peke yako. Alfajiri baada ya swala, au alasiri jua likiwa limepoa, kuna watu wanaopita na kukusalimu.

Na kama kalamu haikubali? Wengi hawakusoma, na wengine walisoma lakini mkono unagoma. Hapo simu inatosha. Bibi anasema, mjukuu anarekodi, halafu kwa nafasi yake anaandika. Mjukuu asimsahihishe bibi. Akisema "mwaka ule wa njaa", iandikwe hivyo, na mwaka wenyewe utafutwe baadaye. Pia kuna kazi ya ukili. Miyaa inakaushwa, inapasuliwa, mingine inachemshwa na rangi, kisha unasuka njia kwa njia hadi ukili ufike pima za kutosha kushonewa mkeka. Ni kazi ya wiki na wiki, na inafanywa wanawake wakiwa wamekaa pamoja, macho yako kwenye ukili, hakuna anayekukodolea. Maneno mazito hutoka kwa urahisi mtu asipotazamwa usoni. Amua tangu mwanzo mkeka ni wa nani: wa binti atakayeolewa, wa msikiti, wa mtoto aliyebaki. Chagua rangi alizozipenda marehemu, na uiambie hadhira yako ya uani kwa nini umeziweka hizo. Wanaume wana nyavu, wana kofia za kutarizi. Ambacho mara nyingi hawana ni ruhusa ya kusema huku wakishona, na hili mzee mmoja wa baraza anaweza kulianzisha kwa kumtaja tu marehemu kwa jina lake.

Wapo wanaoshona mto au mfarishi kwa kanga za mama yao. Ni kazi nzuri, ila nguo za marehemu ni mali ya warithi mpaka zigawiwe, na kuna nyumba zinazotoa zote sadaka. Uliza kabla hujashika mkasi. Nimeona undugu ukivunjika kwa kanga moja. Vigae vya ufukweni Kisimani navyo viache vilipo, hata kama unataka kupamba kaburi. Vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Kuhusu picha, wapo wasiopenda kuchorwa kwa sura ya mtu, na si kazi ya makala haya kuamua. Kuna njia nyingi za kupita. Chora ngalawa yake, mlango wake, mwembe aliokaa chini yake, ramani ya njia yake ya kila siku kutoka nyumbani hadi pwani. Kwa mtoto mdogo, mpe karatasi na makaa au penseli bila kumpa mada. Akimaliza usimuulize "hii nini?" wala usimsifu. Mwambie akusimulie, na uandike maneno yake nyuma ya karatasi kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Mtoto hulia kidogo, hucheza, kisha hurudi na swali zito wakati wa kula. Mjibu hapo hapo, kwa neno "amekufa". Ukimwambia amesafiri atamngoja.

Wengine watakuambia kuandika huku ni kukosa subira. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kupasua nguo na kumlalamikia Mungu. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, na al-Khansa, mshairi wa Kiarabu wa zama hizo hizo, alijulikana kwa tungo za kuwalilia ndugu zake. Kama una wasiwasi, muulize shehe wako, na umwonyeshe ukurasa wenyewe badala ya kumweleza.

Msiba wa bahari unataka maneno ya peke yake, na hapa kisiwani Mafia hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Mtu ametoka na kusi, chombo hakikurudi, hakuna maiti, hakuna kaburi. Ziwani nako ni hivyo: meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi walizikwa Igoma, Mwanza, bila ndugu kujua yupi ni wao. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, wako ambao hawakupatikana kabisa. Swala ya ghaibu inaswaliwa, lakini mfiwa hubaki na pengo ambalo akili inalijaza kila usiku kwa picha mpya.

Kwa msiba wa namna hii nashauri ukurasa mmoja maalumu wa siku ya mwisho ya nchi kavu. Andika upepo ulikuwa upi, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, alivaa nini, alibeba nini cha kula, alimwambia nani neno la mwisho, nani alimwona akisukuma chombo. Tafuta watu hao, waulize kabla hawajasahau. Kisha andika mpaka pale macho ya watu yalipokoma, ukome hapo. Yaliyotokea majini hukuyaona, usiyaandike. Kurasa za kubuni kifo zinamwumiza mwandishi na hazimpi msomaji chochote. Kama huna kaburi la kuzuru, panga mahali, pwani alipofunga ngalawa au mnazi alioupanda, na daftari liseme mahali hapo ni wapi, kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzifuata.

Kuna mipaka ambayo daftari haliwezi kuvuka. Usingizi ukikataa wiki nyingi, chakula kikikataa, mtu akianza kuona afadhali angekufa yeye, au akawa ameshaanza kupanga, hilo si jambo la kuandika. Mpeleke leo zahanati au hospitali ya wilaya Kilindoni, na asiachwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linaitambua huzuni iliyodumu kupita miezi sita, ikizidi kipimo cha desturi ya jamii na kumzuia mtu kuishi, kuwa maradhi yenye matibabu. Dua na daktari havigombani.

Jingine ni siri. Mafia ina mfano wake. Pat Caplan, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, alianza utafiti kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965, na mwanakijiji mmoja alikubali kumwekea shajara ya maisha ya pale. Kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1997, na ndani yake mwenye shajara na jamaa zake wamepewa majina mengine. Kama mtafiti aliona haja ya kuficha majina katika kitabu kinachosomwa ng'ambo, wewe unayeandika katika nyumba yenye watu kumi uwe mwangalifu zaidi. Amua mapema sehemu gani ni ya wote na ipi ni yako. Ile sehemu ya nyuma, ya lawama, unaweza kuichana siku ukiona imekwisha kazi, au umkabidhi mtu mmoja mwenye kifua. Na usiweke kurasa mpya kwenye status ya WhatsApp. Watu watajibu kwa vikaragosi vya machozi, nawe utaanza kuwaandikia wao.

Mwisho ni utunzaji, ambao watu huudharau. Hewa ya chumvi na mchwa ni maadui wa karatasi. Andika kwa penseli au kalamu ya wino usioyeyuka upesi. Ukurasa wa kwanza uwe na jina kamili la marehemu, la baba yake na la babu yake, mahali alipozaliwa, tarehe ya kufariki kwa hesabu zote mbili, ya Kiislamu na ya kawaida, na jina la unayemwandikia. Likijaa, litie ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu, mbali na sakafu. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, umtumie ndugu aliye Dar es Salaam au Zanzibar, na umwambie azichape kwenye karatasi badala ya kuziacha kwenye simu.

Kama unayemwandikia bado ni mchanga, chagua sasa hivi mtu wa kumkabidhi kwa niaba yake, na umwambie mtoto akifika umri gani ndipo apewe.